Jino Moja la Kumwonyesha Hajati

Jumatano, 1 Juni 1988

Barua ya mdogo wangu Riziki imefika. Miezi miwili njiani. Ndani: picha ya theluji, na ukurasa mmoja wa gazeti la Kifaransa, ameuchana kwa daktari wa meno anakofagia huko Liège. Plombaji zile za rangi ya fedha, zinazojazwa kwenye meno yaliyotoboka, gazeti linasema, zina zebaki. Hutoka kidogo kidogo mtu akitafuna, huingia kwenye damu, na kwa mama anayenyonyesha hufika kwenye maziwa. Ni hatari kiasi gani, na mtu afanye nini — endelea ukurasa wa 47. Ukurasa wa 47 umebaki Liège. Ndivyo alivyo Riziki tangu utoto, hukuletea chai akasahau kikombe.

Nimechukua kioo cha kunyolea cha mume wangu Siraje, nikahesabu zangu. Saba. Sista mmoja, mtawa wa Bukavu, alinijaza zote nikiwa na miaka kumi na minne, kisha akanipa peremende kwa sababu sikulia.

Sikuhitaji habari hii. Safiyah ana miezi mitano, na hii ni wiki ya tatu anaharisha. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake wa uzito umeanza kushuka. Nimemzaa na miaka arobaini na nne, nilipodhani hedhi imeniaga kwa heshima. Kumbe haikuwa imeniaga. Sasa kila nikimpa titi natafuta ladha ya chuma mdomoni mwangu. Na kwa kuwa naitafuta, naipata.

Ijumaa, 3 Juni

Mama mkwe, Hajati Zainah, amekuja kutoka Kaberebere na kikapu cha nguo. Maana yake anakaa.

Hakumaliza hata salamu, kidole gumba kimeshaingia kinywani mwa Safiyah. Alipapasa ufizi wa chini, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. "Mugole, ebiino hizi hapa."

Mugole ni bibi harusi. Miaka ishirini na mbili ya ndoa, nina mvi, nina wajukuu wawili, bado ni mugole.

Ebiino ni meno ya uwongo. Watu wa huku nilikoolewa wanaamini humea chini ya ufizi wa mtoto mchanga, ndiyo yanamharisha, na ni lazima yachokolewe. Kaberebere kuna bibi anayechokoa kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa. Akimaliza anakuwekea vipande vyeupe kiganjani, uone mwenyewe. Na kweli ni meno — meno ya haki ya mtoto, machanga, hayajatoka bado. Siste Jolly, muuguzi wa kliniki, amewaona wanaoletwa baadaye. Hapendi kusimulia.

Mimi, kwa ujuaji wangu, nikacheka. Nikasema meno mabaya ya nyumba hii ni yangu, nikaleta ukurasa wa Riziki, nikamtafsiria wote. Nilitaka kumshinda kwa karatasi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo wewe mwenyewe nasema maziwa yako iko na sumu."

Nikaikunja karatasi.

"Basi mtoto aache kunyonya. Na ebiino itolewe. Yote mbili."

Sista wa Bukavu angenishona na midomo pia.

Jumamosi, 4 Juni

Kliniki. Siste Jolly: mnyonyeshe, usimwachishe hata siku moja. Maji yachemke, pakiti ya chumvi na sukari ndani, kijiko kwa kijiko. Wiki moja, labda mbili, itapita. Ya zebaki hajawahi kusikia, akaniomba nisimwongezee kazi.

Wiki mbili. Ataniazima nani?

Jumatatu, 6 Juni

Siraje amefunga duka mapema tuzungumze. Mume wangu ni mtu mzuri kwa kila mtu, hapo ndipo penye shida.

"Mmoja anasema meno ya mama, mwingine meno ya mtoto," akasema. "Mimi nina meno ya kulia tu." Hata hayo si yote. Chonge zake mbili za chini hazikuota kamwe. Yeye husema alizaliwa hivyo. Siste Jolly alimtazama siku moja akicheka dukani, akaniambia: huyo alichokolewa akiwa mdogo, na spoku ilichukua mpaka mbegu ya meno ya ukubwani. Sijawahi kumwambia.

Uamuzi wake: niende Mbarara kwa Nasani, fundi wa meno. Nikitolewa yangu yenye zebaki, mama yake atangoja tuone. Nikirudi nayo, Jumamosi Safiyah anakwenda Kaberebere.

"Utamruhusu?"

"Mama Hudu, yule ni mama yangu. Nitamzuiaje?"

Hudu ndiye mkubwa wetu. Nilizaa sita na mtu huyu.

Alhamisi, 9 Juni

Nimetoka na lori la ndizi alfajiri, Safiyah mgongoni. Nasani alijifunza meno jeshini, sasa ana chumba Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Wake watatu wa askari walikuwa mbele yangu. Mmoja alipoona mvi zangu na mtoto akaniuliza kama namlelea binti yangu. Nikasema ndiyo. Mara Safiyah akadai titi, nikatoa. Benchi zima likatazama ukutani.

Nasani alinifungua kinywa, akasikiliza hadithi ya zebaki, akacheka puani. "Mama, hii kitu iko ndani miaka thelathini, imelala. Mimi nikiweka mashine, naamsha yote siku moja. Vumbi yake, moshi yake, wewe nameza, mutoto nanyonya. Wacha. Mutoto akiacha kunyonya, rudi, tutabadilisha moja-moja."

Basi huo ndio ukurasa wa 47. Ningeshukuru, kama si kwamba jibu hilo lilikuwa linanirudisha nyumbani na meno saba na mtoto wa kupelekwa Kaberebere.

Nikamwuliza: na ukiling'oa jino zima-zima, bila mashine?

"Jino haina makosa. Kwa nini?"

Nikamwambia. Ebiino, spoku, Jumamosi. Nikamwambia kwamba Hajati anaamini kitu kinachowekwa kiganjani, na mimi nataka kitu cha kumwekea.

Aliosha mikono muda mrefu, mikono iliyokuwa safi. Kisha akagonga meno yangu moja-moja kwa mpini wa chuma. Moja la chini kulia likanirusha kitini. "Hii iko na ufa. Mwaka moja, mbili, itakufa. Naweza kutoa hii. Moja tu. Ukiniomba ingine nakufukuza."

Lilitoka zima, na doa la fedha juu kama kifungo cha koti. Amelifunga kwa pamba. Nikanyonyesha kwenye benchi, pamba nyingine mdomoni, damu ikinitoka pembeni. Wake wa askari walihama.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeliweka kiganjani mwa Hajati.

Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaligeuza, akasugua lile doa kwa kucha. Nilidhani ataniuliza neno, lakini alikaa chini. Akasema Kasim aliharisha hivi hivi. Sikuwa nimelisikia jina hilo kinywani mwake hata mara moja. Alikuwa na wawili, Siraje na Kasim, aliwapeleka siku moja kwa mchokoaji mmoja. Kasim alikufa siku ya tatu. "Nilichelewa," akasema. "Nilichelewa kumpeleka."

Nikamvuta Safiyah kifuani.

Amelifunga jino kwenye pindo la leso yake, akaenda kutawadha. Siraje amesema kesho hakuna safari. Nimecheka naye, pengo kwa pengo.

Jumapili, 12 Juni

Jana Safiyah ameharisha mara nne. Leo mara mbili, na moja haikuwa maji matupu. Najiambia inapungua. Mizani ya Siste Jolly ni Jumatano.

Nakunywa uji. Hajati amekaa mlangoni anachambua maharage. Baada ya alasiri, Safiyah akaharisha tena, ya tatu. Hajati akafungua pindo la leso, akalitazama jino, akafunga.

"Mugole," akasema, kwa upole kabisa. "Karatasi yako ilisema saba."

Siraje yuko nje anaipaka mafuta kwenye mnyororo baiskeli anayoendea Kaberebere. Nimemwuliza ya nini. Amesema ni kuipaka tu.

Lori la Mbarara huondoka saa kumi na moja alfajiri. Nasani hatatoa jino lisilo na ufa, atanifukuza; lenye ufa, labda. Nimekaa kwa dirisha na kioo cha kunyolea. Yaliyobaki sita. Nimegonga la juu kushoto kwa mpini wa kijiko. Halijauma. Nimegonga tena, kwa nguvu zaidi kidogo.