Msimu wa Mwisho wa Deo

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudi kutoka sokoni Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mapema. Nyanya zimekwisha zote kabla jua halijawa kali. Mpakani hakukuwa na foleni. Nimeosha miguu, nimepika bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, nimekula nikiwa nimesimama. Kisha mashine ya mchezo wa mpira. Mechi moja, kama kila jioni. Tumeshinda mbili kwa moja. Pasi ya bao la pili katoa Deo.

Nikiandika Deo hapa, siku hizi sijui naandika Deo yupi. Mume wangu alikufa mwezi wa tano. Ini. Huyu wa kwenye mchezo alimtengeneza mwenyewe kabla hajaugua: jina lake, namba nane mgongoni, ndevu fupi, hata paji pana la uso. Akamweka katika timu ndogo ya Ulaya yenye jezi za kijani, akampa ukapteni. Jumapili alikuwa ananipa maneti ya pili, kidude cha kubonyeza mkononi, nicheze naye. Nilikuwa nabonyeza ovyo, anacheka. Sasa najua kucheza. Nimejifunza kwa kufungwa.

Jumanne, 4 Novemba

Kabla ya mechi mchezo huleta matangazo, kwa Kifaransa. Fulani ameumia. Fulani anataka kuhama. Leo limekuja la Deo. Kapteni wetu ametangaza kwamba ataacha mpira msimu huu ukiisha. Sababu: umri.

Kwenye mchezo miaka inakimbia. Deo wa mle ndani ameshazeeka kupita alipofika mume wangu.

Nimesoma, nimesoma tena. Nimezima. Sikucheza.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijacheza bado. Jioni ni ndefu. Nimefua hata mapazia.

Asubuhi, tukiwa mpakani na mabeseni yetu, nilimweleza Maman Zawadi. Ni jirani yangu, tunavuka pamoja kila siku. Akasema, "Furaha, ile ni picha tu. Deo iko kwa Mungu."

Amesema kweli. Nimemchukia mpaka Bukavu, na kurudi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata dawa. Mle ndani siku haisogei mpaka mimi nibonyeze. Nisipocheza mechi, msimu hauishi. Msimu usipoisha, Deo haachi. Basi. Sitabonyeza. Atabaki kapteni.

Baada ya kanisa nimewasha ili nimtazame tu. Kuna mahali pa mazoezi, unamchagua mchezaji mmoja na uwanja mzima unakuwa wake. Nimemwacha asimame. Ameweka mikono kiunoni, anapumua. Deo wangu hakuwa anasimama hivyo. Nikachagua mwingine. Naye anasimama hivyo hivyo. Wote wanasimama hivyo.

Imeniuma kuliko nilivyotegemea. Nimezima, nimelala mchana wote.

Jumatano, 12 Novemba

Silvestre amepiga simu. Ni mdogo wake Deo, analima ndizi kule Gashonga. Tangu tuondoe matanga hatujaongea. Siku ile familia iligawana vitu: baiskeli, koti, vyombo vya kuchomelea vyuma ambavyo Deo alikuwa anafanyia kazi. Mashine niliikatalia. Nilisema ni yangu. Silvestre alitoka bila kuaga.

Leo ameanza na salamu ndefu. Kisha, akiniita shemeji kama kawaida yake: "Semeki, ile mashine iko ya familia. Batoto banaiomba. Nitakuja siku ya umuganda, tukimaliza kazi."

Nikasema njoo mwisho wa mwezi, kazi ya kijiji ikiisha, utanikuta nimeikalia.

Nimekata simu. Nyumba haina mtoto. Haina Deo. Na sasa wanataka na mashine.

Deo alikuwa amemtengeneza mdogo wake pia kwenye mchezo. Ni golikipa wetu. Mrefu, masikio makubwa, sawasawa na mwenyewe. Nimewasha mashine, nimemtoa golini, nimemweka benchi. Mechi sikucheza. Lakini benchi amekaa.

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua. Sikuvuka. Maman Zawadi amekuja na sombe ya majani ya muhogo, amekaa kidogo, amenitazama sana. Anataka kunipeleka kwenye kikundi chao cha maombi, kina wajane wengi. Nimesema nitaona. Sitaki kuwa mmoja wa wajane wengi.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo nimeogopa.

Nilikuwa namtazama mazoezini. Radi ikapiga upande wa ziwa, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine haikuwaka. Taa yake nyekundu, basi. Nikachomoa, nikachomeka. Nikaipuliza vumbi. Nikaipigia kelele, nikaiita kwa jina la Deo, mimi mwanamke mzima, peke yangu sebuleni. Kisha nikakaa chini, mgongo ukutani.

Iliwaka baadaye. Ikaandika kwa Kifaransa kwamba inakagua kama kuna kilichoharibika. Mstari ulikwenda polepole sana. Kisha orodha ya timu. Namba nane yupo.

Nimefikiri nikiwa pale chini. Mashine inaweza kufa yenyewe, siku yoyote. Hapo Deo atakuwa amekatikia katikati, na bado ana mechi. Mume wangu alikatikia katikati. Aliacha geti la watu nusu, vyuma vimeegemea ukuta wa karakana. Huyu angalau amalize.

Nimecheza mechi moja. Sare. Vidole vilikuwa vizito.

Jumatatu, 24 Novemba

Nacheza kila siku sasa. Narudi mpakani mbio. Bukavu nimeuza vitunguu kwa bei ya kutupa ili niondoke mapema. Maman Zawadi amekasirika, anasema naharibu soko.

Leo Deo amefunga. Mpira ulitoka kona, beki akaupiga kichwa, ukamwangukia mbali na goli, mbali kabisa. Nikabonyeza bila akili. Akaupiga ukiwa hewani. Ukapanda, ukashuka, ukagonga chuma cha juu, ukaingia. Uwanja ulilipuka. Akakimbia mpaka kwenye kibendera cha kona, wenzake wakamwangukia.

Nimeruka. Nimepiga kelele, kuku wa jirani wamekimbia. Nikageuka niseme, umeona?

Kiti kitupu.

Nimeishi miaka arobaini, nimeona mengi, lakini bao hili sitalisahau. Na hakuna mtu wa kumwambia. Nimelirudia kwenye skrini mpaka giza likaingia. Kisha nimelia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi nimelia vizuri, bila kujizuia kwa ajili ya wageni.

Ijumaa, 28 Novemba

Imebaki mechi ya mwisho. Sikuicheza leo. Nilikaa nayo tu mbele yangu, jina la timu yetu na jina la timu ya wale wengine.

Silvestre anakuja kesho. Maneti moja nimeificha ndani ya gunia la maharagwe. Nyingine imo chini ya godoro. Achukue mashine bila maneti, tuone.

Hofu na hasira, vyote pamoja. Sikula.

Jumamosi, 29 Novemba

Umuganda ulikuwa kusafisha mitaro ya barabara. Nimerudi na matope mpaka magotini. Silvestre alifika mchana kwa moto, pikipiki ya abiria, bado amevaa buti za kazi. Amekonda. Ameleta ndizi, ameziweka mlangoni, akabaki amesimama hapo hapo.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kila aina mdomoni. Yeye hakuitazama hata mashine. Aliuliza, "Semeki, Deo angali anacheza?"

Sikuelewa mara moja. Nilidhani amechanganyikiwa.

"Kwa timu," akasema. "Angali?"

Nikamwambia imebaki mechi moja.

Akakaa. Akavua kofia. Akaniambia kwamba batoto hawajaomba chochote. Batoto wake hawajui hata kama mashine ipo. Ni yeye. Aliona haya kusema kwamba mwanaume mzima anataka kwenda kumwona kaka yake kwenye mchezo. Akaona aseme batoto, aseme familia.

Nikaenda jikoni. Nikaingiza mkono kwenye gunia, nikatoka na maneti, nikaifuta kwa kikwembe. Nyingine nikaitoa chini ya godoro.

Nilipofungua orodha ya wachezaji akasogea karibu na skrini. "Njo miye huyu? Kwa nini umeniweka benchi?"

"Ulikuwa unaachia mabao."

"Kwa kweli?"

"Hapana. Nilikuwa nimekukasirikia."

Akacheka kidogo. Nikamrudisha golini.

Tumecheza upande mmoja, mimi na yeye, dhidi ya mashine. Anacheza vibaya. Mikono yake imezoea panga. Lakini alikuwa anaongea na Deo muda wote: pita, kaka, pita huku, nipe. Sijasikia mtu akimwambia Deo neno lolote ndani ya nyumba hii tangu mwezi wa tano. Tumefungwa la kwanza. Tumerudisha.

Kipindi cha pili Deo akaanza kuchoka. Kuna mstari mdogo chini ya jina la kila mchezaji, unaonyesha nguvu. Wake ulikuwa umebaki mwekundu. Mpira unampita, anageuka polepole. Mimi naendelea kumpa mipira.

Silvestre akasema, "Umutoshe."

Nikasema hapana, simtoi. Ni mechi yake. Amalize dakika zote.

Akasubiri. Deo akakimbilia mpira, akaukosa, akainama, akashika magoti.

"Semeki," akasema polepole. "Amechoka."

Nimesimamisha mchezo. Silvestre hakunishika, hakunisukuma. Alitazama buti zake.

Nikambadilisha.

Mchezo hauharakishi mambo hayo. Walimwonyesha Deo akitoka. Akavua kitambaa cha ukapteni, akakifunga kwenye mkono wa mwenzake. Akatembea. Watu wote uwanjani wamesimama, wanapiga makofi, na yeye anawapigia makofi mikono juu ya kichwa, kwanza upande huu, kisha upande ule. Akamkumbatia kijana aliyekuwa anaingia. Akapita mstari. Akakaa benchi, wakamwekea taulo begani.

Mimi na Silvestre tulikuwa tumesimama. Sikumbuki tulisimama saa ngapi. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Tumefungwa mwishoni, mbili kwa moja. Silvestre aliachia bao la kijinga. Tumekaa chini bila kusikitika.

Kisha nimebonyeza. Msimu mpya ukafunguka. Namba nane haina mtu.

Nimechomoa waya mimi mwenyewe. Nimevifunga vyote kwenye kikwembe, na maneti zote mbili, nikampa. Akakataa. Nikamwambia peleka, wafundishe batoto kwa kweli, usiseme uongo tena kwa kuwasingizia. Akavipakata mbele ya tumbo lake, akapanda moto. Nimesimama barabarani mpaka sauti ya moto ikapotea kwenye kona.

Jumapili, 30 Novemba

Mezani kuna alama ya mraba, mahali ambapo vumbi halikufika. Nimeifuta.

Siku mbaya. Sikwenda kanisani. Nimechemsha ndizi za Silvestre, nimekula tatu. Maman Zawadi amegonga mlango, sikufungua. Najuta kuitoa. Sijuti. Najuta.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimevuka. Nimwambie nani habari za sokoni, nani kaniudhi? Hakuna. Naandika hapa. Sokoni palikuwa na vumbi, nyanya zilikuwa nyingi kuliko watu. Nimemwomba Maman Zawadi msamaha kwa ile bei ya vitunguu. Amenipa nusu ya chapati yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Mpaka ulikuwa mwepesi, nikapanda mjini Kamembe, upande wetu, kununua sabuni. Karibu na stendi ya magari kuna chumba ambamo vijana wanacheza mpira kwenye skrini. Nimepita pale miaka yote bila kugeuza shingo. Leo nilisikia uwanja ukilipuka, na wao wakilipuka nao. Nikasimama. Nikaingia na beseni langu.

Wakageuka wote. Mwanamke akiingia pale, amekuja kumfukuza mtoto wake.

Mmoja akasimama kwa heshima. "Maman, unamutafuta nani?"

Nikasema simtafuti mtu.

Walitazamana. Kisha wakasogea kwenye benchi, nikapata nafasi. Nikaweka beseni miguuni, nikatazama.