Geji Inayozima Mama Akipanda

Jumatatu, tarehe 4
Nimejaza maji kwenye rejeta kama kila asubuhi. Bado inavuja. Geji mpya ya joto imefungwa leo, gereji ya Kirumba. Gari lenyewe lina taa tu, na taa hiyo huwaka injini ikishachemka. Mwaka jana injini ilichemka ikaniunguzia gasketi. Ikiungua tena, basi. Kesho Mama ana zamu ya mashine ya kusafisha damu, na hapa Kisesa hana wa kumpeleka ila mimi. Fundi Masanja kachukua moto wa kuwasha geji kwenye waya za nyuma ya redio. Muziki juu, kama kawaida yake. Bila muziki hashiki bisibisi. Mshale ukapanda hadi themanini na tano. Nikapumua.

Jumanne, tarehe 5
Geji imezima njia nzima ya kwenda. Mama alizima redio, akafanya ishara ya msalaba, akaanza rozari yake kama kila safari. Niliitikia kwa mdomo, macho kwenye mshale. Umelala tu. Nilisimama mara tatu kugusa boneti. Kurudi, Mama kasinzia, mimi nasikiliza taarifa ya habari, geji inafanya kazi kama haijawahi kugoma. Sielewi.

Jumatano, tarehe 6
Kwa Masanja. Kawasha gari, kawasha muziki, geji safi. "Mbona inafanya kazi, kaka?" Nimejiona mwongo mbele ya mafundi wote. Kabadilisha ethi, ule waya unaofungwa kwenye bodi, ili niondoke.

Ijumaa, tarehe 8
Imezima tena. Kwenda tu. Nimempigia Masanja, anasema huenda kiti cha mbele kinabana waya mtu akikaa. Nikamhamishia Mama nyuma, na miguu yake iliyovimba. Haikusaidia kitu. Akasema, "Labda haitaki mimi nipande, baba." Alicheka. Mimi sikucheka. Namwendesha mama mgonjwa kwenye gari nisilojua hali yake, na sina la kufanya.

Jumanne, tarehe 12
Tumechelewa kutoka, sikusimama kugusa boneti. Tulipofika Igoma mvuke ukatoka. Mpira wa maji umepasuka. Mama akakaa kwenye kiti cha muuza duka, rozari mkononi, watu wanamwangalia. Nilimwaga maji, nikaungua mkono, nikapiga tairi teke. Upuuzi. Tukachukua bajaji. Nesi akasema mashine ameshapewa mwingine, turudi kesho mchana. Usiku huu Mama anapumua kwa shida. Kabla ya kulala kasema, "Niache tu nyumbani, baba. Nakuchosha." Nilitoka nje nikalia.

Jumatano, tarehe 13
Masanja kaja Igoma mwenyewe, kafunga mpira mpya. Gasketi imepona. Akazima redio ili asikilize injini. Mshale ukaanguka. Tukatazamana. Akawasha redio, ukapanda. Akazima, ukaanguka. Kumbe alichukua moto kwenye waya unaopandisha antena, na waya huo hupata umeme redio ikiwaka tu. Naye hupima kila kitu muziki ukiwa unalia. "Nisamehe, kaka." Nilitaka kumtukana, nguvu sina. Kahamishia kwenye fyuzi ya waipa, inayopata moto ukigeuza ufunguo.

Mchana nimempeleka Mama, amewekwa kwenye mashine. Nilimweleza kwa furaha kwamba si yeye, ni redio. Akaitazama rozari mkononi mwake. "Kwa hiyo ilikuwa rozari yangu." Mjinga mimi, kwa nini nilimwambia?

Alhamisi, tarehe 14
Rejeta imezibwa. Mama hakula. Rozari iko kabatini, nimeiona.

Ijumaa, tarehe 15
Kapanda mbele. Mikono mapajani, mitupu. Redio inaimba matangazo ya sabuni, hakuigusa. Tumefika shule ya msingi, ambapo siku zote anakuwa ameshaanza kusali, bado hakuigusa. Nikazima mimi. Mshale haukutikisika. Nikatoa mfukoni mwangu rozari niliyoichukua kabatini, nikamwekea mkononi, nikaanza mwenyewe kwa sauti. Sijawahi kuongoza tangu kipaimara. Nikataja matendo ya furaha, yale ya Jumatatu.

"Leo Ijumaa," akasema Mama, taratibu. "Ni ya uchungu."

Tukaanza upya. Pumzi yake fupi, kila Salamu Maria anaikatia katikati, namalizia mimi. Tulipopita Nyakato mshale ulikuwa palepale, themanini na tano.