Shangazi, Kitabu Chako Kimeposwa

Shangazi yangu Goreti,

Mwakeye. Najua huwezi kuitika, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba anayeanza na habari kabla ya salamu hana adabu. Basi nimesalimu. Niko dukani, pale steshenari, mvua inanyesha Kibondo yote na hakuna mtu atakayekuja kutoa fotokopi katika hali hii. Nimeufunga mlango nusu ili wapita njia wasiniulize kwa nini nacheka peke yangu na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Nianze na madogo. Maua ya njano tuliyokupandia kaburini yaliliwa na mbuzi. Tukapanda tena, yakaliwa tena. Sasa Baba Mkubwa Lazaro amezungushia miiba, na mbuzi anasimama pale kutazama kwa uchungu. Huyo kaka yako hajambo, ila tangu tukuzike anakwenda kanisani na kofia yako ya sufu, ile ya buluu, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ni ya kike. Maharage ya Murungu yamekubali mwaka huu. Darasa lako wamepewa mwalimu mwingine, kijana mpole sana, na wanafunzi wanamwonea kama ulivyodhani.

Mimi nakukumbuka zaidi saa za mchana, ule muda uliokuwa unakuja kutoka shule na chaki mikononi, unavuta stuli bila kuombwa na kuniuliza, "Tumefika wapi?" Nilikuwa nachapa kitabu chako, wewe unanisomea kwa sauti, na wateja wanasahau vyeti vyao vya kuzaliwa kwenye kaunta kwa kutaka kujua Nela amefanywa nini huko chini.

Kitabu chako, Shangazi. Hakijafa. Umekiacha na nakala chache tu kutoka kwa yule mchapaji wa Kasulu, lakini zimechakaa kwa kuazimwa. Bado wanasimuliana namna Nela alivyoshika mkia wa Gaju, ng'ombe mwenye hasira, wakazama naye Malagarasi mpaka kwenye ule mji ulio chini ya mto, wanakoishi watu wote waliopotea safarini, na namna alivyowaombea njia ya kurudi. Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nduta alikuja hapa na kurasa zilizolowa, akaniambia, "Dada, nifanyie nyingine, batoto banalilia kitabu cha inka, ile ng'ombe." Nikamtolea. Wengi wa kule wanarudi kwao sasa, na wengine wameondoka nacho kwenye mabegi. Sikujua kwamba siku moja kitabu kitavuka kurudi upande wa mto mlikotoka.

Haya. Sasa jambo lenyewe.

Unakumbuka watu walipokuwa wanakuuliza mbona hukuzaa, ulikuwa unakipiga kofi kitabu na kusema, "Binti yangu ni huyu." Ulikuwa unatania. Mimi nilijua unatania. Kaka yako hakujua. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba kuna mwongozaji wa filamu anatoka Dar es Salaam kuja kukiomba kitabu, akaniuliza swali moja tu, "Anakuja na mshenga?" Nikafikiri anacheka. Kumbe kichwani mwake mambo yalikuwa yameshapangwa: kitabu ni binti wa Goreti, anayekitaka ni mposaji, na mposaji ana taratibu zake.

Bwana Sefu alifika na gari kubwa, mtu wa kamera na mwanasheria. Hana mshenga, hana hata kreti moja ya soda. Mtu wa heshima kabisa, na kitabu amekisoma, tena amekisoma vizuri. Tukawaketisha, tukawapa juisi ya ndizi, na Baba Mkubwa akaanza kuzungumzia mvua. Akamaliza mvua, akaingia kwenye ugonjwa wa mihogo. Bwana Sefu akatoa mkataba akauweka mezani. Baba Mkubwa akauangalia kama mtu aliyewekewa kiatu kwenye sahani, akasema, "Wanangu, nadhani mmepotea njia. Ninyi mlikuwa mnakwenda Nyakanazi." Nikashika kichwa. Mgeni akasema hapana, wamekuja kwa ajili ya kitabu. Baba Mkubwa akajibu, "Aa, huyo? Huyo bado mdogo. Hata ugali hajui kupika."

Wewe na mimi tunajua hayo ndiyo majibu ya siku ya kwanza. Hakuna binti wa ukoo wetu aliyewahi kutolewa siku ya kwanza; hata mimi niliambiwa sijui kufua, mbele ya wageni, na mama yangu mzazi. Lakini Bwana Sefu ni mtu wa Pwani. Alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama kitabu hakijakamilika, kama kuna sehemu ya pili inayoandikwa. Nikaanza kumweleza, maneno yakanikwama kwa aibu na kicheko, na kabla sijamaliza akawa ameshaaga. Jioni akaniandikia kwenye simu kwamba ameheshimu uamuzi wa familia.

Nililia, Shangazi. Nilimwambia Baba Mkubwa maneno ambayo sikuwahi kumwambia. Nilimwambia kitabu kitafia mikononi mwetu, karatasi zitaliwa na mchwa, na miaka ikipita hakuna atakayejua kwamba Murungu palikaa mwanamke aliyejenga mji mzima chini ya maji. Hilo ndilo lilikuwa linaninyima raha tangu ufe. Sikuogopa kukusahau mimi; niliogopa wao. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama anampenda, atarudi." Hasira zikanizidi kwa sababu najua ungesema vilevile.

Asubuhi nikampigia Bwana Sefu nikamweleza yote polepole. Unajua alifanya nini? Alicheka hadi akakohoa. Kumbe kwao nako posa ina mizunguko yake, ila hakuwahi kusikia riwaya ikiposwa. Akasema atarudi na atakuja na mtu wa kumsemea. Mungu ambariki yule bwana, kwa sababu alirudi kweli, na soda, na sheikh mmoja mcheshi wa Kasulu akiwa mshenga wake.

Ila kabla hajarudi, akawa amefika mwingine. Spesioza. Huyu unamjua: ndiye aliyepiga video ya harusi yangu, akakuomba usogee kivulini ukakataa, ukamwambia jua lisilokuumiza wewe lisimuumize na yeye. Alisomea filamu Dar, akarudi kwao Kasulu, ametengeneza filamu fupi mbili na harusi zisizohesabika. Alikuja na mjomba wake na kreti za soda, akakaa, akasikiliza mvua, akasikiliza mihogo. Alipoambiwa amepotea njia akasema, "Inawezekana, baba. Basi tutajaribu tena Jumamosi." Baba Mkubwa aliingia ndani ili asionekane akitabasamu.

Kwa hiyo wakawa wawili, wote wamefuata njia. Na hapo, Shangazi, mzee akafunga mazungumzo. Akasema wazee wamemaliza kazi yao, sasa neno la mwisho ni la shangazi. Wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilitaka kuwaambia shangazi yuko kaburini. Sikusema. Binti mkubwa wa ndugu zako ni mimi, na huyo binti wa karatasi nilimchapa mwenyewe herufi kwa herufi. Nikaenda kukaa mahali ulipokuwa unakaa wewe siku za posa, upande wa dirisha.

Sikuwa na swali langu. Nikachukua lako. Unakumbuka ulivyomuuliza Fanueli siku alipokuja kuniposa: siku ukimkuta amenuna, utafanya nini? Naye maskini akajibu kwamba atakaa nje hadi aitwe kula, ukacheka ukasema mchukue. Basi nikawauliza wale wawili: siku kitabu kikinuna, kikagoma kuwa filamu, mtafanya nini?

Bwana Sefu alijibu bila kuficha kitu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema anajua pale kitakaponuna. Ni ile sura ya ukingoni, Nela anaposimama sura nzima akingoja Gaju amalize kunywa maji. Alisema watazamaji hawatavumilia, ataikata, ataiweka kwa picha moja nzuri kisha wazame. Akaongeza kwamba amefikiria pia ng'ombe awe farasi, maana farasi anapendeza kwenye kamera. Hapo kwenye farasi sheikh wake mwenyewe aliguna.

Lakini kuhusu ile sura, Shangazi, nilikubaliana naye. Unajua nilivyoichukia. Nilikuomba tuifute, nikakuambia vidole vinasinzia. Ng'ombe anainama, anakunywa, anainua kichwa, anainama tena. Ulinijibu tu, "Chapa, mwanangu." Nikachapa kwa sababu ya heshima. Moyoni nilikuwa nimeshamchagua Bwana Sefu, farasi tungemwondoa baadaye. Ana vifaa, ana watu, filamu yake ingefika mbali, na mimi nilichotaka ni ufike mbali.

Zamu ya Spesioza. Akasema, "Mimi nitangoja. Nitakaa na kamera pale mpaka ng'ombe anywe ashibe." Nikamuuliza, na watu wakichoka? Akasema, "Wachoke, dada. Bibi yangu alituambia ng'ombe mwenye kiu humvushi. Akifika katikati ya mto atasimama anywe, na wewe umeshika mkia." Alisema hivyo tu, kama mtu anayekueleza namna ya kuchemsha maharage.

Baba Mkubwa alivua kofia yako. Akaishika mapajani, akaitazama. Kisha akaanza kuongea Kirundi, pale mbele ya wageni, na ilibidi nimtafsirie sheikh. Alisema ndivyo ilivyokuwa. Alisema walifika mtoni wakiwa wanakimbia vita kwao, moshi nyuma yao, na watu waliingia majini hivyohivyo kwa hofu. Mama yenu akakataa. Wewe ulikuwa mgongoni mwake, umefungwa kwa kitenge, yeye Lazaro ameshika mkia, na mama yenu akasimama pale akimngoja ng'ombe anywe, huku wenzao wakimpita na kumwita mwendawazimu. Alisema haijui siku ndefu kuliko ile. Ng'ombe aliposhiba, ndipo mama yenu akasema twende.

Hakuwahi kutusimulia. Wewe pia hukuwahi. Ulikuwa unanisomea kwa sauti, nami nikipiga miayo, na ulikuwa unaniambia yote.

Shangazi, mimi nipo duniani kwa sababu bibi alimngoja ng'ombe. Baba yangu alizaliwa upande huu, mimi nikazaliwa, na duka hili, na mvua hii ninayoisikia. Nilikichapa kitu hicho kwa mikono yangu na sikukiona. Ulijua sikukiona, na hukunikaripia, ukaniambia chapa tu. Asante kwa uvumilivu huo. Asante kwa kunifanya nichape kabla sijaelewa, maana ungeningoja nielewe, kitabu kisingekuwepo.

Basi nikatoa neno. Nikasema binti anakwenda Kasulu, kwa Spesioza. Bwana Sefu alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na siku hiyohiyo aliahidi kumwazima Spesioza mtu wake wa kamera na taa zake. Baba Mkubwa akamwambia kwamba yeye si mposaji tena, ni shemeji, na shemeji hachoki kusaidia. Akacheka, akaomba juisi nyingine ya ndizi. Wanaanza mvua zikipungua, mto ukirudi mahali pake. Spesioza ameshazunguka vijijini kutafuta ng'ombe, na anataka mwenye hasira za kweli.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Unajua kazi ya shangazi haiishii kwenye kusema ndiyo. Shangazi humsindikiza binti hadi kwake, hukaa naye siku chache mpaka azoee jiko na majirani, halafu huaga na kurudi. Hagongi mlango tena kuuliza wamepika nini. Wewe ulinileta kwa Fanueli, ukalala kwetu, na ulipoondoka nilikukimbilia njiani nikilia, na hukugeuka. Nilikukasirikia mwezi mzima. Sasa naona ulikuwa unalia na wewe.

Nakuahidi hivyo. Nitakwenda nao mpaka Malagarasi, nitamwonyesha Spesioza kila kitu ulichonisomea, sauti ulizotumia, mahali ulipokuwa unanyamaza. Atakaponiuliza nitajibu. Kisha siku itafika Nela wao ataushika mkia, na atakuwa na uso ambao si ule niliokuwa nauona mimi nikichapa, na sauti ambayo si yako. Sitasema "sivyo." Nitamuaga Spesioza, nitapanda gari la kurudi Kibondo, na nitalia njia nzima bila kugeuka.

Lala salama, Shangazi wangu. Binti yako amepata kwake.

Ni mimi mwanao,
Dafroza