Msiguse Gari, Rangi Bado Mbichi

Wanangu,

Nampeleka baba yenu hospitali. Msiingie kwenye banda la gari. Mlango uacheni wazi harufu itoke, na msiwashe jiko, ile rangi hushika moto upesi. Wali umo kwenye sufuria, kuleni hivyo hivyo baridi.

Asubuhi alijifungia bandani kupulizia rangi lile gari kuukuu la marehemu babu yenu. Akaziba hadi dirisha, eti vumbi lisinate. Nikamwambia, "Baba watoto, utakosa hewa humo." Akajibu, "Niache bwana, umebaki mlango mmoja tu wa gari." Nikanuna, nikaenda zangu kufua. Kimya kilipozidi nikarudi, nikamkuta chini, pampu ya rangi mkononi. Jirani fundi cherehani alinisaidia kumburuta nje. Anapumua, ila kwa shida.

~~Mkitoka shule njooni hospitali.~~ Hapana, kaeni hapo hapo, nitampigia jirani.

Akirudi msimseme. Kumsema niachieni mimi.

Sasa hivi ananiita kutoka kwenye teksi, sauti haitoki vizuri, anauliza kama rangi imekubali. Nimemjibu inang'aa kama kioo. Hata sijaitazama.

Mama yenu