Maji ya Mkondoa Bado Baridi

Masanze, Septemba 1996

Dada Irine, shikamoo.

Huku tu wazima, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Tangu baba apunguzwe kazi kwenye mkonge, anategemea kambale, nao hawali ndoana mpaka maji yapate joto. Vidole vyake vina ganzi, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye ninayetia mkono mtoni kupima joto. Kambale wa kwanza ni kitoweo cha harusi yangu na Mzee Bonifas mwenye mashine ya kusaga. Baba ameshatoa neno, langu hataki kulisikia.

Wiki nzima maji ni vuguvugu. Nikirudi namwambia, "Bado baridi, baba." Ananiamini.

Dada, njoo unichukue. Leo watoto wameanza kuogelea, na baba yuko uani anasikiliza kelele zao.

Mdogo wako,
Doris