Jina Nililolitoa Bila Amri ya Hakimu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Gorna Reka, Bulgaria. 9 Aprili 2024, saa 4:10 asubuhi.

Jina: Snezhana Velkova. Umri: miaka 41. Kazi: fundi wa kampuni ya intaneti. Makazi: Mtaa wa Lipa, jengo la 6.

Mnamo tarehe 17 Machi 2024, Jumapili ya Kusameheana, mimi na mume wangu tulikwenda kwa msimamizi wa ndoa yetu, Bwana Asparuh Genchev, kumbusu mkono na kumwomba msamaha kama kila mwaka. Yeye ni mkuu wa shule ya chekechea. Tulipomaliza kula halua aliniita jikoni.

Alisema, "Binti yangu, kuna mtu ananichafua mtandaoni. Eti nyama ya chakula cha watoto wa shule naipeleka kwangu! Mwenye ukurasa kanipa namba ya laini ya intaneti iliyotumika. Ninyi mnajua ni ya nani."

Nikamwambia, "Baba, hiyo mpaka hakimu atoe amri."

Akacheka. "Kwani harusi yako alisimamia hakimu?"

Sheria naijua, tena ndimi ninayewafundisha wafanyakazi wapya. Lakini kwetu msimamizi hakataliwi, na siku ile ndiyo kabisa. Kesho yake saa 2:35 asubuhi nilifungua orodha ya wateja, nikampigia simu nikamtajia: Todorka Mineva, mpishi wa shule yake mwenyewe.

Tarehe 20 Machi Todorka alifukuzwa kazi, amebakiza miaka miwili astaafu. Nilikutana naye dukani. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye uliyeniunganishia intaneti. Walinijuaje?" Nikasema sijui. Nilimdanganya mama wa watu, na nimeona aibu tangu hapo.

Genchev anadai alimfukuza kwa uchelewaji tu. Mwajiri wangu aliniambia nifute kumbukumbu za mfumo: "Funika kombe mwanaharamu apite. Likijulikana, kampuni ndiyo itakayoshtakiwa." Sikufuta. Nimezikabidhi leo pamoja na orodha ya simu zangu. Zinaonyesha jina langu, saa, na jina la Todorka. Bila hizo, Todorka hana cha kuonyesha Ijumaa mahakamani, kwenye kesi yake ya kufukuzwa kazi.

Hakuna aliyenilazimisha. Niliona haya kumkatalia mtu nyumbani kwake, basi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona. Nimesomewa, nami nayakubali.

Sahihi: S. Velkova

Maandishi ya askari: Nimeyaandika mimi, Inspekta Kalina Stoeva. Kabla hajasaini nilimjulisha kwamba kwa maneno haya haondoki hapa kama shahidi bali kama mtuhumiwa, na kwamba ana haki ya kumsubiri wakili. Alijibu, "Nilijua hivyo tangu mlangoni, afande. Nipe kalamu."