Kaburi Lako Tulilolihamisha

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijui kusema nawe bila kukuamkia kwanza.

Unakumbuka somo lako la historia, darasa la sita pale Michenga? Ulichora ubaoni sanamu nne za mfalme wa Misri, zile zilizochongwa kwenye mwamba mbele ya hekalu, zimekaa kando ya mto Nile mikono magotini. Ulichora vibaya, Baba. Darasa zima lilicheka, nami mwanao nikacheka kuliko wote. Ukasema bwawa lilipojengwa maji yalipanda, basi watu wakalikata hekalu vipande vipande wakalipandisha juu. Nikauliza kama mfalme naye alihamishwa.

"Yale ni mawe tu," ulisema. "Mwenyewe alizikwa kwingine."

Mwaka huu mto umekula shamba letu la mpunga mpaka kwenye kaburi lako. Mama akaniambia, "Nenda kamtoe baba yako kabla maji hayajamchukua." Nilipata kibali cha kijiji, nikaenda na mafundi wawili na sanduku jipya. Msalaba na zege la juu tulivitoa bila shida. Tulipoanza kuchimba, maji yalitufika magotini, kingo zikaporomoka, mafundi wakatoka na kukataa kurudi. Nilibaki shimoni peke yangu nikipapasa tope. Sikukupata, Baba. Niliogopa, nikatoka.

Nilijaza sanduku udongo wa pale, nikapigilia misumari. Mama alikuwa akingoja huku mjini, Viwanja Sitini, pamoja na padri na majirani.

"Umempata?"

"Nimempata, Mama."

Ukazikwa mara ya pili, bila wewe kuwamo.

Sasa kila Jumapili baada ya misa Mama huenda makaburini, hupangusa zege lako, hukusimulia habari za wajukuu. Mimi husimama nyuma yake kwa aibu. Kila juma najiambia nitamweleza. Halafu namwona anavyorudi nyumbani mwepesi, anakula, anasinzia kitini, nami nanyamaza. Ninajichukia kwa hilo.

Siku hizi miguu yake imevimba na pumzi inamsumbua. Jana alinishika mkono akanionyesha nafasi iliyo kando ya zege.

"Mimi mnilaze hapa hapa, ubavuni kwa baba yako. Sitaki kulala peke yangu."

Nikamjibu, "Sawa, Mama."

Kwaheri Baba, popote maji yalipokufikisha.

Mwanao wa kwanza